Nafasi ya Mwisho kwa Elspet

Agosti 21

Teenie kasema niandike. Kasema, "Wewe ukisikia neno asubuhi, likifika jioni limeshaota mkia na masikio. Andika." Basi naandika. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano nikaenda baharini, na mwalimu wangu alimshukuru Mungu kuliko hata mama yangu. Kukiwa na makosa humu, walaumiwe samaki.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu Teenie ana miaka themanini na saba. Daktari kamwambia moyo wake umechoka, na kwamba hatarajii auone mwaka mpya. Daktari kijana yule alilisema kwa upole sana, karibu alie yeye. Teenie akamjibu, "Basi nisiagize makaa mengi." Kisha akampa skonzi.

Anachokitaka ni kimoja. Hataki kuzikwa makaburi mapya, kule juu nyuma ya uwanja wa gofu. Anasema hajaishi na wacheza gofu, hawezi kufa nao. Anataka makaburi ya zamani, chini, penye ukuta wa bahari. Yale yamejaa na yamefungwa, hazikwi mtu humo ila mwenye haki ya kiwanja cha ukoo wake. Na kiwanja anachokitaka ni kile kisicho na jiwe, pembeni kabisa, alikolala Elspet Flett. Babu yetu Alec alikuwa akimpeleka pale Teenie akiwa mtoto. Anavua kofia, anasema, "Mama yangu yupo hapa," anavaa kofia, wanarudi nyumbani. Basi. Mimi sikupelekwa. Nadhani waliogopa nitaruka juu yake.

Kiwanja kile chini yake ni mwamba, kinabeba wawili tu. Elspet yumo peke yake, mumewe alichukuliwa na bahari. Kwa hiyo imebaki nafasi moja.

Ingekuwa rahisi, lakini yupo Wilma.

Agosti 23

Ukungu umetoka baharini ukakaa kijijini kutwa nzima. Sikuona hata mlango wa jirani. Siku njema.

Agosti 27

Nimekutana na Wilma dukani. Ana miaka sabini na tisa, ana fimbo, na fimbo haimsaidii kutembea, inamsaidia kuonyesha. Akanionyesha mimi.

"Dod Flett. Nasikia mnaandika barua ofisi ya makaburi."

"Umesikia vizuri. Masikio yako hayajazeeka kama viungo vyako vingine."

"Kile kiwanja ni cha mama aliyemzaa bibi yangu. Bibi yangu Isie alikuwa binti wa Elspet, katoka tumboni mwake. Mimi ndiye nitakayelala pale."

"Babu yangu Alec alikuwa mwanawe wa kiume."

Akaniangalia muda. Nilidhani atanitukana, akanunua maziwa akaondoka. Mwenye duka akasema hajawahi kumwona Wilma akikosa neno la mwisho. Nikamwambia aandike tarehe ukutani.

Niliandike hili mapema, maana mtu wa nje akisoma atachanganyikiwa. Hapa Portlossan kila mtu ni Flett. Ukirusha jiwe utampiga Flett, na atakayekushtaki ni Flett. Ndiyo maana kila ukoo una lakabu yake, na lakabu hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama pua. Sisi ni akina Pum. Kwa nini Pum, hakuna anayejua. Mama alidhani ni kwa sababu babu alikuwa mnene. Wapo akina Dozie, wapo wengine ambao lakabu zao siziandiki kwa sababu Teenie ataisoma hii.

Septemba 4

Nimepanda basi mpaka Elgin, kwenye chumba cha kumbukumbu za zamani. Kuna mama mmoja pale, Catriona, miwani yake ina kamba ya shanga. Watu wanatoka Kanada na Australia kuja kwake kutafuta mababu. Aliyekaa jirani yangu alikuwa anatafuta mtemi. Wote wanatafuta watemi. Nikamwambia Catriona mimi namtafuta mwanamke aliyeparua samaki.

Akasema, "Hao ndio wagumu. Hakuna aliyewaandika."

"Basi tutaanza na wewe," nikamwambia. Alicheka. Bado najua kuwachekesha wanawake.

Kampata Elspet Flett. Kisha kampata mwingine. Kisha wa tatu, wote wa kijiji kimoja, kizazi kimoja. Nikamweleza habari ya pua na lakabu. Akasema karatasi haziandiki lakabu. Nikamwambia basi karatasi hazijui kijiji chetu.

Septemba 5

Upepo. Teenie hakula.

Septemba 13

Nimerudi Elgin. Safari hii Catriona alikuwa ameshaniwekea. Sensa ya majira ya kuchipua, miezi michache baada ya upepo mkubwa ule uliozamisha mashua ya akina Flett na watu wote waliokuwamo. Nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Elspet Flett, mjane, miaka ishirini na minne, mparuaji samaki. Isie, binti, miaka miwili. Alec, mwana, miezi saba.

Mwana. Nilimwomba Catriona anisomee tena ingawa nilikuwa nimeona. Akaniandalia nakala yenye muhuri. Nikaibeba kwenye basi kama yai.

Nilipofika, Teenie alikuwa amekaa kitandani. Akaishika, akaisoma, akavua miwani. Akasema, "Miaka ishirini na minne, kijana." Ananiita kijana. Nina miaka themanini na moja. "Miaka ishirini na minne, watoto wawili, mume majini, na mkono umejaa chumvi. Na wewe unalalamika goti."

Goti lilikuwa linauma kweli.

Septemba 20

Teenie leo ana nguvu, kataka supu ya samaki wa moshi na viazi, nikampikia, akaniambia imekuwa kama gundi, akala yote. Halafu akanisimulia aliyosimuliwa na babu Alec. Naandika kama alivyosema.

Zamani bandari haikuwako. Mashua zilikaa kwenye maji, na mwanamume akipanda mashua na miguu iliyolowa, kwa baridi ya hapa, anaweza kufa kabla samaki hawajaonekana. Kwa hiyo wanawake ndio waliowabeba. Mke anapandisha sketi, anaingia majini mpaka kiunoni, mume kapanda mgongoni, anamweka ndani ya mashua mkavu kama mkate. Kisha anarudi na maji yake, anavaa, anajitwika kapu la samaki wa jana na kwenda nalo mashambani kuuza, nyumba kwa nyumba.

"Kila asubuhi?" nikauliza.

"Kila asubuhi. Januari pia."

"Na mume alikuwa mkubwa?"

"Babu alisema mashua nzima walikuwa watu wanene. Elspet alikuwa hafiki hapa." Akaonyesha kimo cha mlango wa jokofu.

Nilikaa nikamfikiria mwanamke huyo. Mimi nimekuwa baharini miaka arobaini, na nikitoka nyumbani nilikuwa napewa chai na kuambiwa nifunge mlango. Nilijiona shujaa.

Septemba 28

Baridi ya kwanza. Wilma kapita na fimbo yake, kasimama mbele ya dirisha letu, hakubisha, kaondoka. Teenie kasema, "Anapima jeneza."

Oktoba 3

Simu kutoka ofisi ya makaburi, Bwana Imrie. Sauti yake kama mtu aliyevaa tai mbili. Kasema, Mzee Flett, tumepitia madai yote mawili. Bibi Wilma ametoka kwa binti. Ninyi mmetoka kwa mwana. Haki ya kiwanja hufuata mwana kwanza, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kiwanja ni chenu.

Nikamwambia Teenie. Akasema, "Vizuri." Neno moja. Halafu akageukia ukutani, nikadhani analala, kumbe mabega yanatikisika. Miaka yote niliyomjua dada yangu sijawahi kumwona akilia. Nilitoka nje nikamwangalia kuku wa jirani mpaka Teenie amalize.

Jioni alikula mayai mawili.

Oktoba 6

Upepo wa kaskazini mashariki. Mawimbi yanaruka ukuta wa makaburi. Elspet analowa tena.

Oktoba 9

Leo nimeharibikiwa.

Nilikwenda bandarini kumtambia Jockie. Jockie ni rafiki yangu tangu tukiwa tunaiba tofaa, naye alikuwa anapaka rangi mashua yake, ile isiyokwenda popote. Nikamweleza yote. Sensa, muhuri, mwana, Imrie na tai zake mbili. Nikamaliza na Elspet aliyembeba mumewe Jeemsie Dozie mgongoni.

Jockie akaacha kupaka. "Mumewe nani?"

"Jeemsie. Jeemsie Flett. Kila mtu anajua, Elspet wa nyumba ya tatu alikuwa mke wa Jeemsie Dozie."

"Naam, Dozie," akasema Jockie. "Na wewe ni nani?"

"Umelewa? Mimi ni Dod."

"Dod nani?"

"Dod Pum."

Akachovya brashi. Akapaka ubao mzima kabla ya kusema tena, mshenzi yule. "Mimi shule sikumaliza, na wewe hukuanza. Lakini nieleze, Pum amefikaje kwenye kiota cha Dozie?"

Nilisimama pale kama ng'ombe aliyegonga lango. Mtoto wa miaka sita wa kijiji hiki angeliona. Nilimcheka Catriona kwamba karatasi hazina lakabu, kisha nikapewa karatasi nzuri yenye muhuri, nikasahau jina langu mwenyewe. Babu Alec alikuwa Pum, baba alikuwa Pum, mimi ni Pum. Mtoto wa Jeemsie Dozie angekuwa Dozie mpaka kiama.

"Labda lakabu ilibadilika," nikasema.

"Labda," akasema Jockie. "Pua yako ilishawahi kubadilika?"

Oktoba 10

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nafikiri, nami siwezi mawili kwa mpigo.

Oktoba 11

Nimekwenda kwa Wilma. Sijaingia nyumba ile tangu mumewe afe. Akafungua, akanitazama toka kofia mpaka viatu.

"Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kuuliza."

"Pangusa miguu."

Kanikalisha jikoni. Kanipa chai bila kuniuliza sukari ngapi, akatia tatu, sawasawa. Nikamuuliza moja kwa moja. Nikasema, Wilma, Alec babu yangu alikuwa mtoto wa nani?

Akakoroga chai yake ingawa hatii sukari.

"Nani kakuambia?"

"Pua yangu."

Akacheka, kidogo tu, halafu akaacha. Akasema, "Bibi yangu Isie alinifunga mdomo nikiwa msichana. Aliniambia, hili nakupa ulihifadhi, usilitumie. Sasa wewe umelijua mwenyewe, sijalitumia mimi. Sikiliza."

Naandika polepole nisikosee.

Katika ile mashua walikuwamo Jeemsie Dozie, mume wa Elspet, na rafiki yake, aliyeitwa Alec Flett, Alec Pum. Huyo Pum mkewe alikufa akimzaa mtoto. Mwanamume asiye na mke hana wa kumbeba. Ataingia majini mwenyewe, akae mashuani na miguu ya barafu mpaka jioni. Siku ya kwanza aliyoshuka ufukweni peke yake, Elspet alikuwa ameshamweka mumewe ndani. Akarudi ufukweni, akamgeuzia mgongo Pum, akasema, "Panda." Wanawake wengine walisema maneno. Elspet hakuwa na muda wa maneno, alikuwa na kapu la kuuza. Miezi ile yote alibeba wanaume wawili kila asubuhi, mmoja wake na mmoja wa watu.

"Mashua nzima walikuwa wanene," nikasema.

"Ndivyo ilivyosemwa."

Kisha upepo ukaja. Wakafa wote. Wiki ile ile kichanga cha Elspet, maana alikuwa na kichanga, mdogo wake Isie, kikafa kwa kifua. Na mtoto wa Pum alikuwa kwenye sanduku la samaki kwa jirani, analia, hana mtu. Wazee wa kanisa walikuwa wanajadili apelekwe nyumba ya masikini mjini. Elspet aliingia pale wakiwa bado wanajadili. Maziwa yake yalikuwa hayajakauka. Akakaa, akafungua nguo mbele ya wazee wa kanisa, akamnyonyesha. Mjadala ukaisha.

"Yule wa sensa alipopita," akasema Wilma, "akauliza, na huyu? Elspet akasema, wangu."

Nikamuuliza mbona basi aliachwa na lakabu ya Pum.

"Kwa sababu Elspet mwenyewe ndiye aliyemwita hivyo. Uani, njiani, mbele ya kila mtu. Njoo, Pum wangu. Hakumnyima jina la baba yake. Alimnyima uyatima tu."

Sasa nikafika kwenye lililonileta. Nikasema, "Wilma. Ulilijua hili tangu Agosti. Ungemwambia Imrie neno moja tu, kiwanja ni chako. Pale dukani ulikuwa nalo mdomoni."

"Nilikuwa nalo."

"Ukanunua maziwa."

Akaweka kikombe. "Dod, mimi ni mkorofi, sipingi. Nimegombana na dada yako juu ya mbwa, juu ya kwaya, juu ya ukuta wa bustani. Lakini nimwendee mwanamke anayekufa nimwambie babu yake hakuwa na mama? Hata mimi nina kikomo. Nenda kanywe na Jockie, mzike dada yako, unyamaze. Karatasi yako ina muhuri."

Nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote, nami nilikuwa sijamjua. Nilimshukuru kwa chai. Akaniambia nimetia matope kwenye zulia.

Oktoba 12

Mvua.

Oktoba 13

Mvua. Karatasi ipo juu ya rafu, nyuma ya saa. Haidanganyi, masikini. Elspet ndiye aliyedanganya, karatasi ikamtii tu. Ningenyamaza, Teenie angezikwa anapotaka. Wilma angenyamaza. Jockie angenyamaza nikimnunulia wiski. Kila mtu yu tayari kunyamaza. Ni mara ya kwanza kijiji hiki kukubaliana.

Lakini Teenie angenichuna ngozi. Akifika huko ahera akamkuta Elspet, akaambiwa na wageni nilichomficha.

Oktoba 14

Nimemwambia.

Nilianza vibaya, nikasema habari za pua. Akasema, "Dod, sema kama mtu mzima." Nikasema yote. Mashua, wanaume wawili, sanduku la samaki, wazee wa kanisa, neno lile wangu. Nikasema pia la Wilma na maziwa ya dukani.

Nje shakwe wanapigana juu ya paa kama kawaida yao. Nilihesabu makosa yangu yote tangu utotoni, nikiyapanga kwa ukubwa, hili likawa la kwanza.

Kisha akasema, "Kwa hiyo hakulazimika."

"Nani?"

"Elspet. Miaka yote nilidhani alimlea babu kwa sababu ni mwanawe. Mtu utafanyaje, mtoto ni wako. Wengi tunapendwa kwa sababu hawana njia ya kutukwepa. Wewe mimi nilikulea kwa sababu mama aliniamuru. Ningepewa nafasi ningekubadilisha kwa paka."

"Najua."

"Huyu njia alikuwa nayo. Wazee wa kanisa walikuwa wameshamtengenezea. Akaingia. Alimbeba baba, akambeba na mwana. Dod, sisi hatuna damu yake hata tone."

"Hata tone."

"Basi kiwanja si chetu. Mpigie mtu wa tai."

"Teenie, utalala kwa wacheza gofu."

"Nitawafunza adabu. Piga."

Oktoba 15

Nimempigia Imrie. Nikamwambia tunaondoa madai. Akasema, "Mzee, mmeshinda." Nikasema najua. Akasema hajawahi kuona mtu anakata rufaa dhidi yake mwenyewe, wala hana fomu ya jambo kama hilo. Nikamwambia achore.

Kiwanja kimekwenda kwa Wilma.

Teenie hakula. Kasema hana njaa, si huzuni. Sikumwamini.

Oktoba 17

Alasiri mlango ukagongwa kwa fimbo. Wilma, na kofia yake ya kanisani. Kaingia mpaka chumbani bila kuniuliza. Sijawahi kuwaona wawili hao katika chumba kimoja bila mchungaji katikati. Nilitaka kutoka. Teenie akasema, "Kaa, uandike."

Wilma akakaa kwenye kiti changu. "Nasikia umenirudishia kaburi."

"Si mimi, ni Elspet. Mimi nimetii."

"Nilikuwa naligombania kwa raha zangu. Umeniharibia vuli yote."

"Samahani sana. Sasa ni lako, lala humo hata leo."

"Leo nina nguo za kufua."

Saa inapiga. Kisha Wilma akauliza, kama anayeuliza bei ya viazi, "Unakumbuka Yarmouth?"

"Nakumbuka mvua."

"Mwaka wangu wa kwanza wa kwenda kule kusini kuparua samaki. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kisu kilinikata kila kidole, chumvi ikaingia. Kila asubuhi ulinifunga vitambaa, kimoja kimoja, kumi. Na ulikuwa unanitukana."

"Ulikuwa huwezi kukaa kimya."

"Bado siwezi. Teenie, sikia. Sikupi kwa sababu ya vidole, usije ukadhani nalipa. Nakupa kwa sababu nikifika huko, Elspet ataniuliza mjukuu wa Alec yuko wapi. Nimwambie nini mimi? Nimwambie yuko kule juu, na watu wa gofu?"

Teenie alifunga macho. "Na wewe utalala wapi?"

"Nitachomwa. Majivu hayataki nafasi, yatamwagwa juu yako."

"Utanikalia kichwani."

"Nimekukalia kichwani miaka sitini, hutaona tofauti."

Dada yangu alicheka mpaka ikabidi nimpe maji. Wilma akamshika kikombe. Nilikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwako, nikakaa huko.

Oktoba 25

Wilma huja kila alasiri. Wanagombana juu ya kwaya.

Novemba 2

Theluji kidogo, haikukaa. Teenie kaomba dirisha lifunguliwe asikie bahari. Wilma kasema ni upumbavu, akafungua.

Novemba 8

Teenie kafariki leo asubuhi, chai yake bado ina moto. Alikuwa anamwambia Wilma kwamba skonzi zake ni ngumu. Hakumaliza.

Wilma kakaa naye mpaka watu wa mazishi wamefika. Mimi nilikaa jikoni. Mtu akishakuwa kijana wa mtu miaka themanini na moja, siku moja anaambiwa amekuwa mzee.

Novemba 9

Siandiki.

Novemba 12

Tumemzika leo.

Jana Geddes, wa mazishi, aliniletea kadi za kuandika majina ya washika kamba. Desturi ya hapa, jeneza lina kamba nane, na kila kamba ina namba. Namba moja ni ya kichwani, huishika aliye karibu kuliko wote. Wanaume ndio washikao. Zamani wanawake hawakufika hata kaburini, walibaki nyumbani wakikata mkate, na mpaka leo hapa Portlossan wanasimama nyuma. Namba moja ilikuwa yangu, hata mtoto anajua. Nilikaa na kalamu. Namba mbili nikaandika Dod Flett. Namba moja nikaandika Wilma Flett.

Geddes akaiangalia. "Mzee Dod, moja ndiyo ya kwako."

"Najua kuhesabu mpaka moja," nikamwambia.

Leo upepo ulikuwa wa baharini, povu linaruka ukuta. Watu wote wa kijiji, nguo nyeusi, pua nyekundu. Mchungaji akamaliza. Geddes akatoa karatasi yake, akasafisha koo, akaita, "Namba moja."

Wilma akatoka katikati ya wanawake. Nyuma yangu nikasikia watu wakivuta pumzi, na Jockie akakohoa kwa nguvu ili asisikike mwingine akisema kitu. Hakutazama mtu. Akampa fimbo mwanamke aliyekuwa jirani, akaja akasimama kichwani, akavua glavu, akazitia mfukoni, akapokea kamba. Mikono yake midogo, vidole vina makovu meupe mpaka leo. Mimi nikasimama miguuni na namba mbili. Kisha wengine sita.

Watu wa Geddes hushika mikanda ya chini, uzito ni wao, kamba zetu ni heshima tu. Nani angemwambia Wilma? Alijitega kama mtu anayeshusha mzigo wote peke yake, miguu kaiachanisha kwenye majani mabichi. Jeneza likaanza kushuka. Jockie, namba sita, akaachia kwa haraka, upande wake ukainama kidogo.

Wilma hakuinua sauti. Alikuwa anatazama shimoni.

"Taratibu," akasema. "Taratibu, nyie. Kuna mtu chini."